Msuka Mota wa Msasani

Alikuwa hagusi mota kwa kiganja. Aligeuza mkono, akaweka migongo ya vidole juu ya chuma, vile mama anavyopima homa ya mtoto, na akakaa hivyo bila kusema kitu mpaka wewe mwenye mota uanze kujisikia mgonjwa. Ukimwuliza vipi, anakwambia ngoja. Ukimwuliza tena, anakuuliza kama ni wewe uliyemfuata au ni yeye aliyekufuata. Hivyo ndivyo nilivyomwona mara ya kwanza, pale Msasani ya hapa kwetu Tukuyu, kwenye karakana yake ya mabati iliyobanwa kati ya kibanda cha vocha na mshona viatu, na nilitoka pale nimenuna. Nilimwambia mume wangu, enzi hizo bado yupo, kwamba huyu mtu ana maringo ya bure. Mume wangu akasema mwache aringe, mradi mota izunguke.

Tukuyu nzima ilimwita Fundi. Mafundi wako wengi mjini, wa redio, wa pikipiki, wa bomba, lakini ukisema Fundi peke yake, bila kuongeza kitu, mtu anakuonyesha njia ya Msasani. Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake sizijui vizuri, zaidi ya kwamba ni Mwislamu wa watu waliotoka pwani zamani, na kwamba Kinyakyusa alikiongea kuliko wanangu wa kuwazaa. Mimi ninachokijua ni kazi yake, na mdomo wake, na ubishi wake. Hivyo vinanitosha.

Nina mashine ya kusaga kule Masukulu, moja tu, yenye mota moja tu. Mume wangu aliiacha, nami nikaishika, na watu wakaacha kuniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza wakaanza kuniita Mama Mashine. Mota ile ndiyo iliyosomesha wanangu, na sasa ndiyo inayotulisha mimi na wajukuu. Umeme wetu ni wa luku: unanunua yuniti, unaingiza namba kwenye mita, unasaga mpaka ziishe. Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana asiye na mashine hili halijui. Mota kuungua inauma, lakini inazoeleka. Kinachoua mashine ni mota kurudi kutoka kwa fundi ikizunguka vizuri, inanguruma vizuri, mkanda unavuta vizuri, halafu yuniti zinayeyuka. Mahindi ni yale yale, madebe ni yale yale, lakini jioni haijafika mita inalia. Unasaga mwezi wa kwanza, unasaga wa pili, halafu unaanza kujiuliza unamsagia nani. Nimeona mashine za wenzangu zikifungwa milango hivyo, na wenyewe mpaka leo wanadhani walirogwa.

Fundi alikuwa na neno lake moja: "Mota haitoki kwangu ikiwa mlafi." Alimwambia kila mteja. Aliwaambia hata watu walioingia kuuliza njia ya kwenda stendi. Maana yake ilikuwa nyepesi: mota aliyoisuka yeye, yaani aliyoitia nyaya mpya, itakula umeme ule ule iliokuwa ikila kabla ya kuungua, isizidi hata kidogo, na kama itazidi, haitoki mlangoni. Mimi sipendi watu wa kujisifu, na huyu alijisifu tangu asubuhi. Lakini mota yangu imeungua zaidi ya mara moja, na kila ilipotoka kwake niliiweka kwenye mashine, nikamimina mahindi, nikatazama mita, na kila mara ilikuwa kama alivyosema. Ugali wa nyumba yangu uliegemea neno lile. Na heshima yake yote, ambayo aliipenda kuliko chakula, ilikaa hapo hapo.

Siku moja nilimbana anieleze ulafi wenyewe unatoka wapi. Akachukua tumbo la mota, lile duara la chuma ambalo nyaya zinalazwa ndani yake, akalikwaruza ukingo kwa msumari. Nikaona si chuma kimoja. Ni mabati membamba, membamba kabisa, yamepangwa moja baada ya jingine na kubanwa pamoja, na kila bati limepakwa dawa isiyopitisha umeme.

"Haya hayatakiwi kugusana," akasema. "Yakigusana, umeme unaanza kurandaranda humo humo ndani ya chuma. Haukusagii hata punje moja. Unapasha chuma joto tu, na wewe umeshaununua."

Na kinachofanya mabati yagusane ni moto. Mota ikiungua, nyaya zake za zamani zimegandishwa ndani ya tumbo kwa vanishi iliyokauka ikawa jiwe. Njia ya mkato, na mafundi wengi wanaijua, ni kulitupa tumbo lote kwenye moto wa matairi, vanishi inateketea, unavuta nyaya kwa koleo, na saa chache baadaye unaanza kusuka upya. Tatizo ni kwamba moto ule unateketeza na ile dawa ya kwenye mabati. Utasuka vizuri sana juu yake, utafunga, itazunguka, na mwenye mota atakushukuru. Kumbe umempa mgonjwa.

Mtaa ule ule, ukishuka kidogo, ilikuwepo karakana ya pili. Mwenyewe ni mtu mzima, ana mke na watoto, mcheshi, na sisi tulimwita Fundi wa Kule Chini. Yeye alichoma. Ukiona moshi mweusi umepanda ukachanganyika na ukungu, ujue mota imeingia. Fundi alikuwa anafunga dirisha, anatoa leso anaziba pua. "Anachoma mishikaki," anasema, halafu anaendelea na kazi. Wawili hao hawakuwa wakisalimiana, na kwetu Rungwe, ambako salamu inaweza kumchelewesha mtu shambani, hilo si jambo dogo. Watu walijaribu kuwapatanisha wakachoka.

Yeye Fundi alikata vichwa vya nyaya upande mmoja kwa patasi, akaliweka tumbo ndani ya pipa juu ya moto wa maranda, moto mdogo, wa kubembeleza, akasubiri. Akipima, akingoja, akipima. Vanishi ikishalegea kidogo anavuta nyaya, chache chache, kwa subira ambayo mimi sijawahi kuwa nayo hata kwa watoto wangu. Wateja walimpigia kelele. Walimwambia mwenzako kule chini angekuwa ameshamaliza. Naye anajibu, bila kugeuza kichwa, "Basi si uende kule chini," na wengi walikwenda. Ndiyo maana hakutajirika.

Akimaliza, alikurudishia nyaya zako za zamani, zimefungwa kitita, hata kama hukuzitaka. Alikuwa anakuambia fumba macho. Anakuwekea waya wa zamani mkono huu, na kipande cha mpya mkono ule, unavisugua kwa kidole gumba. Vilikuwa sawa daima. Kuna mafundi wanaoweka waya mwembamba zaidi kwa sababu unaingia kwa urahisi, na mota inazunguka tu, lakini umeme unapita kwa kujibana na kila unapojibana unapotea kuwa joto. Mara ya kwanza aliponifumbisha macho nilimwona mwehu. Nyakati nyingine zote niliyafumba kabla hajaniambia.

Lakini kilichonifanya nimshangae mtu huyu mpaka leo ni habari ya salamu. Alipokuwa anazungusha koili, ile miviringo ya waya mpya inayolazwa ndani ya tumbo la mota, hakumjibu mtu yeyote. Mashine yake ya mkono ilikuwa na kigurudumu cha namba cha kuhesabia mizunguko, naye hakukiamini hata siku moja. Alihesabu kichwani. Sasa akiitikia salamu, hesabu inapotea, na hesabu ikipotea, koili inatoka na mizunguko pungufu au iliyozidi. Kwa hiyo anakaa kimya, macho mbele, mkono unazunguka. Kwa watu wetu hilo ni tusi.

Bibi mmoja wa Makandana alikuja kuulizia pampu ya mwanawe. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi. Akasimama mlangoni, akasalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," yaani umelalaje. Kimya. Akarudia, akainama kidogo na kuongeza sauti, maana pengine mtu hasikii. Kimya. Bibi akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Huyu mtu ana kibuli kweli kweli." Akafungua mwamvuli wake akaondoka. Fundi akaendelea kuzungusha. Akamaliza koili, akaifunga kwa uzi, akaining'iniza, akavua aproni, akavaa koti lake la kijivu, akaweka kofia sawa, akatoka nje mvuani. Nikamfuata kwa umbea tu, sitawadanganya.

Alimkuta bibi karibu na hospitali ya Makandana. Akampita, akageuka, akasimama mbele yake na koti limelowa, akainama, na akaiitikia ile salamu yote, tangu ya usingizi mpaka ya watoto, ya ng'ombe na ya migomba, kwa Kinyakyusa cha watu wazima ambacho vijana wa siku hizi hawana. Bibi akamtazama. Nilidhani atampiga mwamvuli. Kisha akasema, "Ndaga, tata," yaani ahsante baba, akaanza kucheka, na wakaanza salamu upya kutoka mwanzo. Nilisimama pembeni nikiwa nimelowa chapachapa na sikujua niweke wapi uso. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi kwa heshima kiasi kile, wala akiomba radhi kwa heshima kiasi kile. Tangu hapo wazee walijua. Waliingia, wakakaa kwenye benchi, wakatazama mkono wake, na mkono ukisimama ndipo wakasalimia.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mwizi wa mawazo, na ushahidi ninao. Mvua ya kwetu mnaijua, hakuna kinachokauka, na vanishi mbichi inahitaji kukaushwa polepole. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alichoka kusubiri mota yake ya kukoboa. Akaibeba ikiwa bado inanata, akaipandisha darini jikoni, juu ya mafiga, pale tunapokaushia mahindi na maharage. Rungwe kitu kisichokauka kinapandishwa darini, wala hatufikirii mara mbili. Akili ilikuwa nzuri, ila alisahau moshi. Mota ilirudi Msasani imevaa masizi ndani mpaka nje, inanuka kama jiko la msibani, na maharage yamenasa kwenye vanishi. Tulijua leo atatukanwa mpaka ukoo. Fundi aliitazama muda mrefu, akatoa harage moja kwa ncha ya bisibisi, akalitazama na lenyewe.

"Dari lenu," akamwuliza shemeji, "liko juu kiasi gani kutoka motoni?"

Tuliporudi baadaye tulikuta amejenga dari lake. Pipa, mkaa chini, bati katikati la kuzuia majivu, na mota zinaning'inia juu kwenye joto safi lisilo na moshi. Vanishi ilikauka hata masika. Alimwonyesha kila mtu na kusema ni uvumbuzi wake. Shemeji yangu anadai haki yake mpaka kesho.

Alikuwa na mengine ya ajabu. Mtu huyu aliyehangaikia umeme wa watu, kwake mara nyingi kulikuwa giza, kwa sababu alisahau kununua yuniti. Mkewe aliniambia, "Umeme wa wenzake anaujua. Wa kwetu anadhani unashuka na mvua." Tena aliuogopa. Mtu wa kushika nyaya maisha yake yote, lakini akitaka kuwasha mota kwa majaribio anavaa mabuti ya mpira, anakanyaga ubao mkavu, anabonyeza swichi kwa fimbo ya mianzi, anageuza na uso. Tulimcheka. Alisema wanaouzoea umeme hawapo hapa kubishana naye.

Na mota ikiungua alijua nani ameiua. Akifungua tu kifuniko, anatazama nyaya zipi zimekuwa nyeusi na zipi bado safi, ananusa, halafu anakutazama wewe. Zikiungua baadhi na nyingine zikabaki safi, fezi moja, yaani waya mmoja kati ya mitatu inayoleta umeme, ilikatika. Zikiungua zote, umeizidishia kazi. Jamaa mmoja wa mashine ya mbao aliapa kwamba yake iliungua yenyewe tu. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mkanda ulikuwa unateleza, ukaukaza. Halafu ukaendelea na gogo bichi." Jamaa akakaa chini.

Ajabu nyingine ni kwamba mtu wa kujisifu vile hakupenda kusifiwa. Ukimwambia Fundi umefanya kazi nzuri, anakununia. Sifa alitaka kuzitoa mwenyewe, kwa kipimo chake.

Sasa nifike mwaka huu.

Alikuwa amezeeka bila mimi kutambua. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akitembea anapapasa ukuta, na wateja wamepungua. Wanawe walikuwa wanamwambia apumzike. Masika ilipofika, mti ulianguka kwenye nyaya huku kwetu Masukulu nikiwa katikati ya kusaga, fezi moja ikakatika, na kabla sijafika kwenye swichi moshi ulikuwa umeshatoka. Nikafunga mashine. Watu wangu walianza kupeleka mahindi kwingine, na mteja akishaizoea njia nyingine kumrudisha ni kazi. Kila mmoja alinishauri: nunua mpya, peleka kule chini watakuharakishia. Mpya sikuwa na uwezo nayo. Kule chini niliogopa. Nikapakia mota kwenye kirikuu nikaenda Msasani.

"Nimeacha kazi," akaniambia.

"Umeacha lini, na aproni umeivaa?"

Akacheka. Akaigeuza mikono, akaipapasa mota. "Hii ninaijua," akasema, na akaipokea. Nilirudi nyumbani nimetulia kabisa. Wajukuu waliponiuliza lini tutafungua, niliwaambia Fundi ameshika, basi.

Ilichukua muda kuliko kawaida. Siku aliyoniita nilifika mapema. Kabla ya kumimina vanishi alikuwa na kawaida ya kuiwasha mota ikiwa kavu, aipime, ndipo aigandishe. Alivaa mabuti, akabonyeza swichi kwa fimbo yake, na mota ikazunguka vizuri kabisa, moyo wangu ukafurahi. Yeye aliinamisha kichwa. Akasikiliza. Akanipa ile mita ya kubana kwenye waya, inayoonyesha umeme unaopita.

"Nisomee," akasema. "Mimi namba hizo sizioni tena."

Nikabana waya wa kwanza, nikasoma. Wa pili, nikasoma, sawa na wa kwanza. Wa tatu ulizidi.

Mota inazunguka, nikawaza. Mashine imefungwa, watoto nyumbani, na huyu mzee haoni. Nikisema zote ziko sawa, wiki hii nasaga. Nikisema kweli, sijui ninamfanya nini. Lakini mtu aliyenifumbisha macho mara zote zile bila kunidanganya, ningemdanganyaje yeye kwa kuwa sasa macho yake ndiyo yamefumba?

"Wa tatu umezidi, Fundi."

"Kwa kiasi gani?"

"Si sana."

"Sikukuuliza kama ni sana."

Nikamtajia. Akazima. Mvua ikawa inapiga bati.

"Kuna koili ina mizunguko pungufu," akasema mwishowe. "Nimepoteza hesabu katikati, na sikujua kama nimepoteza."

"Lakini itasaga?"

"Itasaga. Na itakula. Na mwakani utakuwa umefunga mlango."

Nikamwambia aisuke upya, nitasubiri, hata miezi. Nilisema kwa moyo wote. Akatikisa kichwa. "Macho yalipoondoka nilinyamaza," akasema, "kwa sababu hesabu ilikuwepo. Sasa na hesabu imeondoka, Mama Mashine. Nikirudia nitakosea tena, na huenda siku hiyo usiwepo wa kunisomea." Akapapasa meza, akapata kisu, akaanza kukata nyuzi alizozifunga mwenyewe, moja baada ya nyingine, akaivua kazi yake yote kutoka kwenye tumbo la mota. Nililia. Yeye hakulia.

Kisha akavaa koti la kijivu, akachukua rola lake la waya kwapani, akaniambia niite kirikuu. Nikamwuliza tunakwenda wapi. Akaninyoshea mkono nimwongoze. Tukashuka ule mtaa, mimi nimemshika mkono.

Karakana ya kule chini ilikuwa na watu, wateja na vijana wa kazi, na matairi yamerundikwa nje. Walipomwona mlangoni wakageuka wote. Fundi wa Kule Chini alikuwa ameinama juu ya pampu. Fundi alisalimia kwanza, yeye mkubwa, habari za kazi, habari za nyumbani. Halafu akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akijisifia:

"Nimeharibu mota ya huyu mama. Nimekosea hesabu. Nimekuja unisaidie kuisuka."

Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake. Yule bwana angeweza kucheka, na angekuwa na haki, kwa miaka yote ile ya mishikaki. Aliweka spana chini, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mzee. Karibu ukae," akasema, akamsogezea kigoda chake mwenyewe.

"Marahaba. Hii haina vanishi, hakuna cha kuchoma. Lakini una nyingine pale zinasubiri. Usizichome. Nitakuonyesha."

"Nionyeshe, mzee. Mimi nilikuwa nakuogopa tu kukuuliza."

Wakaleta pipa kutoka karakana ya Fundi, na lile dari la shemeji. Fundi alikaa pale siku baada ya siku akieleza yote: moto wa maranda, jinsi ya kupima joto, kidole gumba kwenye waya. Sikumsikia akijisifu hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko yote. Mwenzake alizungusha koili zangu, na watu wakiingia na kusalimia, Fundi ndiye aliyewaitikia kwa niaba yake, kwa utaratibu, kwa urefu, ili mkono usisimame.

Siku ya kupima, mita nikashika mimi tena. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Zote sawa, na nilizisoma kwa sauti mara mbili bila kuombwa. Vanishi ikamiminwa, ikakauka, na nisiwafiche, mota ile inasaga mpaka leo hii ninapoongea, madebe yale yale kwa yuniti zile zile, na wateja wangu wengi wamerudi.

Tulipokuwa tunapakia, mzee alinivuta pembeni. "Mama Mashine, kuanzia leo usiniite Fundi," akasema. "Fundi ni mtu anayeweza kukupa neno lake. Mimi sina tena la kukupa." Nikamwambia aache maneno hayo. Akanipigapiga mkono, akachukua mwamvuli, akaanza kupanda kwenda kwake, akifuata kuta za nyumba kwa vidole.

Kirikuu kilipowashwa ndipo nikakumbuka kwamba sikumshukuru. Nikatoa kichwa dirishani nikaita, "Fundi!"

"Naam, mama," akaitikia yule wa kule chini, akatoka mbio akidhani tumesahau kitu. Mzee hakugeuka. Alikuwa hajafika mbali, hatua chache tu, na aliendelea kupanda polepole kwenye manyunyu. Macho yake yalikuwa yamekwisha na hesabu imemtoroka, lakini masikio yake yalikuwa mazima kabisa.